Kabla Hujanunua Projekta

Kila baada ya muda hunijia kijana na habari ileile: amepata projekta. Ameletewa na shemeji yake kutoka Dubai, au ameinunua Kariakoo kwa mtu aliyekuwa na shida ya haraka, na sasa anataka kufungua ukumbi mdogo wa sinema. Hunionyesha boksi, hunisomea namba zilizoandikwa ubavuni, kisha huuliza afunge spika ngapi. Nami humuuliza: nyumba umepata? Nyumba hana. Atatafuta.

Biashara nyingi za sinema hufia hapo, na yangu nusura ifie hapohapo. Nilipoanza kuonyesha picha Ngamiani, Tanga, pesa zangu zote zilikuwa zimeishia kwenye mashine, nikapanga stoo ya bati iliyokuwa ikiwekwa magunia ya mbata. Wiki ya kwanza watu walikuja kwa udadisi. Onyesho la saa tisa alasiri lilianza na watu thelathini na kitu. Stelingi alipofika kulipiza kisasi walikuwa wamebaki tisa, na wawili kati yao wamelala. Nikadhani picha ni mbaya. Mama mmoja aliyekuwa akitoka, jasho limemlowesha mtandio, ndiye aliyenifumbua macho: “Picha tamu mwanangu, lakini humu mnatukausha kama dagaa.”

Karibu kila ninachoshauri leo kimetoka kwa mama yule. Filamu siku hizi kila mtu anayo mfukoni, kwenye simu, na nyingine ameipata kabla yako. Anayelipa shilingi elfu moja mlangoni kwako hanunui picha. Ananunua giza, sauti inayomgonga kifuani, na kucheka pamoja na watu asiowajua. Vitu hivyo havitoki kwenye projekta. Vinatoka kwenye kuta, dari, viti na mlango. Pesa ianzie huko. Mashine iwe ya mwisho.

Joto kwanza, maana ndilo linalofukuza watu kimyakimya. Mtu mzima akiwa amekaa tu, mwili wake hutoa joto la kiasi cha wati 100. Ukumbi wa watu 56 basi una wati 5,600, na pasi ya umeme ya kawaida ni wati 1,000. Yaani umewasha pasi tano na nusu ndani ya chumba kilichofungwa, na juu yake kuna bati la saa tisa. Feni za dari haziliondoi joto hilo, zinalizungusha. Kinachotakiwa ni hewa iingie chini itoke juu: matundu chini ya ukuta upande unakotoka upepo, mengine karibu na paa upande wa pili, na ukiweza, feni ya kutolea hewa kama zile za jikoni kwenye mahoteli. Tundu likiingiza hewa huingiza na mwanga, ndiyo maana wengi huyaziba. Usizibe. Kwa ndani, mbele ya kila tundu, simamisha kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, ukiacha nafasi ya kiganja pembeni. Hewa hupinda kona, mwanga unagonga ubao unaishia hapo. Ni kazi ya seremala mmoja kwa siku mbili, na ni fedha nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia kwenye ukumbi.

Sasa namba za kwenye boksi. Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni, na muuzaji atakuambia kadiri zinavyozidi ndivyo picha inavyokuwa nzuri. Majumba makubwa ya sinema hulenga pazia ling'ae kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Pazia la upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.7 lina mita za mraba tano na ushei. Piga hesabu, utaona linahitaji lumeni zisizofika 800. Ukiongeza akiba kwa ajili ya taa inayozeeka na vumbi kwenye lenzi, lumeni 1,500 za kweli zinatosha kabisa. Nasema za kweli, yaani zilizoandikwa kwa kipimo cha ANSI au ISO; namba kubwa isiyotaja kipimo chake ni maneno ya dukani.

Mbona basi watu hununua mashine ya lumeni 5,000 na picha bado imepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia? Kwa sababu mlango uko wazi. Projekta haiwezi kutupa weusi ukutani, hakuna mwanga mweusi. Weusi unaouona kwenye picha, usiku wa msituni, koti la jambazi, nywele za bibi arusi, ni giza la chumba chako mwenyewe. Chumba kikiwa na mwanga wa kijivu, kila cheusi kitakuwa kijivu hata ukileta mnara wa taa wa bandarini. Kwa hiyo paka dari na kuta zilizo karibu na pazia rangi iliyokoza isiyong'aa. Mlangoni tundika mapazia mazito mawili yaliyoachana hatua mbili: anayeingia hufungua la kwanza, linajifunga nyuma yake, ndipo afungue la pili. Makopo mawili ya rangi na mita kadhaa za kitambaa vitakufanyia kazi ambayo mashine ya mamilioni haiwezi.

Pazia la picha lenyewe lisikusumbue. Usitumie shuka, kwa kuwa sehemu ya mwanga hupenya ikaangukia ukuta wa nyuma, na upepo mdogo tu unamfanya stelingi acheze kiuno. Ukuta uliopigwa lipu laini na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa unatosha, mradi uuzungushie fremu nyeusi ya upana wa kiganja. Fremu hiyo huyafanya macho yaone picha imekolea zaidi, na inaficha kingo zisizonyooka. Projekta nayo ifungwe katikati, imetazama pazia sawasawa. Mashine nyingi zina kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda. Ukikitumia unapoteza sehemu ya ukali wa picha. Sogeza mashine badala ya kubonyeza.

Viti. Chukua chumba cha mita 6 kwa 11, ukubwa wa stoo nyingi mijini kwetu. Mstari wa kwanza ukae mita 3 na nusu kutoka kwenye pazia, ukiusogeza karibu zaidi watu watatoka na maumivu ya shingo. Kutoka hapo weka mistari saba, nafasi ya sentimita 90 kutoka mstari hadi mstari, viti vinane kila mmoja. Ndiyo hao watu 56, na njia ya kupita inabaki. Ukingo wa chini wa pazia uwe juu ya kichwa cha mtu aliyekaa mbele, mita 1.2 hivi kutoka sakafuni. Halafu pishanisha viti kama fundi anavyopanga matofali, kila mtu atazame katikati ya vichwa viwili na si kisogoni mwa mwenzake. Kama una saruji ya ziada, inua mistari mitatu ya nyuma. Kama huna, mabenchi ya nyuma yawe marefu kidogo kuliko ya mbele. Nilifanya hivyo kwa miaka minne na hakuna aliyegundua, isipokuwa wafupi waliokuwa wakining'iniza miguu.

Utaona wakati wa Sikukuu kwamba watu 56 ni wachache. Nje kuna watu mia, pesa mkononi. Utajaribiwa uongeze viti vya plastiki njiani. Hapo nitakuomba usimame ukumbuke jumba la Uphaar la Delhi. Tarehe 13 Juni 1997, siku ya kwanza ya filamu ya Border, transfoma iliyokuwa kwenye maegesho chini ya jengo ilishika moto, moshi ukapanda hadi roshani. Wenye jumba walikuwa wameongeza viti, njia moja ya kutokea imezibwa. Watu 59 walikufa, wengi wao kwa kukosa hewa na si kwa kuungua. Viti vyenyewe vilikuwa vichache. Faida yake yote hailingani na roho moja. Ukumbi wako uwe na milango miwili katika pande mbili, yote ifunguke kuelekea nje, na isiwekwe kufuli watu wakiwa ndani hata kama wachunguliaji wanakukera. Weka taa ndogo ya betri juu ya kila mlango. Jenereta isikae ndani wala chini ya dirisha, moshi wake unaua mtu aliyelala bila yeye kujua. Katika makala hii yote, hili ndilo jambo pekee nisilolikubalia mjadala.

Sauti ilinifundisha adabu usiku mmoja wa masika. Tulikuwa tunaonyesha picha ya Kihindi, ukumbi umejaa, ikateremka mvua ya Tanga ile isiyobisha hodi. Bati likageuka ngoma. Niliongeza sauti mpaka spika zikaanza kukoroma, hakuna aliyesikia neno. Nikajiandaa kurudisha viingilio vya watu. Kijana mmoja wa mbele, mbeba mizigo wa sokoni, alikuwa ameiona picha ile mara tatu. Akasimama pembeni ya pazia na kuanza kusimulia kwa sauti ya mnadani: huyu ndiye mjomba, anajifanya hamjui mtoto, subirini mtamwona. Alimfanya mama mkwe aongee Kidigo. Watu walicheka hadi mvua ikakatika, na ilipokatika wakaniambia nizime spika aendelee yeye.

Nitamrudia kijana huyo. Kwanza dari. Baada ya mvua ile nilifunga dari ya mbao laini, na juu yake, kati ya mbao na bati, nikajaza magunia ya sufi. Mvua ikabaki kuwa mvua ya mbali. Kwenye kuta watu hubandika trei za mayai wakidhani zinanyonya sauti. Trei ya yai ni karatasi nyembamba. Hainyonyi besi hata kidogo, kwenye maneno inasaidia kidogo sana, na ikipata moto inawaka kama kuni kavu. Kinachonyonya sauti ni kitu kizito chenye nyuzinyuzi: mablanketi ya mtumba yaliyotundikwa yakiachana na ukuta inchi mbili, godoro kuukuu lililovalishwa kitambaa, mapazia yenye mikunjo. Na hivyo pia vikae mbali na nyaya na taa. Anza na ukuta wa nyuma, unaotazamana na spika, maana mwangwi mwingi hutokea huko. Ukipiga kofi katikati ya chumba na kusikia “ta-ta-ta,” bado. Ukisikia kofi moja likafa, umefika.

Baada ya hapo hutahitaji spika nyingi. Moja nzuri iliyowekwa katikati, chini au juu ya pazia, ndiyo inayobeba maneno, na maneno ndiyo picha. Mbili za pembeni kwa muziki. Besi iwe na kiasi. Nimeingia kwenye mabanda ambako bunduki inatikisa ini lakini binti akisema nakupenda hasikiki. Huko ndiko jina la “kibanda umiza,” tuliloyapa mabanda hayo ya video, linakopata maana yake kamili.

Nirudi kwa mbeba mizigo. Usimuone mtu wa namna hiyo kuwa wa kujazia pengo. Alichofanya kina historia: huku kwetu Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijenga jina kwa kuzitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, akieleza, akitania na kuongeza ya kwake. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda, ambako ukumbi wa video nao huitwa kibanda, VJ Jingo ana wafuasi wake mwenyewe. Japani, enzi za filamu bubu, kila jumba lilikuwa na msimulizi wake, na watu walikwenda kumsikia yeye. Msimulizi wa jukwaani ni kitu ambacho simu haiwezi kushindana nacho, kwa sababu anamwona fundi viatu wa mtaa amekaa mstari wa tatu na anamtaja. Tafuta mmoja mwenye ulimi, mlipe vizuri, mpe siku yake katika wiki. Mpe filamu bubu za miaka ya 1920 pia. Sherlock Jr. ya Buster Keaton, ya mwaka 1924, stelingi wake ni kijana mwendesha projekta anayesinzia kazini na kuingia ndani ya pazia. Ina dakika 45 hivi na maneno ya kutafsiri ni yale machache yanayoandikwa kwenye pazia; anayefanya kazi ya projekta akiitazama hujicheka mwenyewe.

Kwa filamu yoyote utakayoonyesha, swali la kwanza ni nani mwenye haki. Kununua sidii, au kulipia akaunti ya filamu kwenye intaneti, kunakupa ruhusa ya kutazama nyumbani na familia yako, si kutoza kiingilio. King'amuzi cha nyumbani hali kadhalika. Mpira ukitaka kuuonyesha kwa kiingilio, omba kifurushi cha biashara. Tanzania Bara sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua filamu na kuzipangia umri. Zanzibar nenda Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU. Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sura ya 222 ya sheria za huko. Ukitaka leseni ya biashara halmashauri, peleka na mchoro wa milango yako. Najua wengi hawafanyi haya na wanaendelea kuishi. Wanaishi kama mtu anayeendesha gari bila leseni: kila kofia nyeupe ya trafiki akiiona moyo unamlipuka, na hawezi kubandika bango barabarani.

Isitoshe, njia halali ina faida ambayo wengi hawaioni. Watengenezaji filamu wetu wana njaa ya kumbi. Mwandikie mtayarishaji, mwambie una viti 56, unaomba wikiendi mbili, mtagawana kiingilio nusu kwa nusu na utampa hesabu ya vishina vya tiketi. Wengi watakubali, na wengine watakuja wenyewe kuongea na watu baada ya onyesho, jambo ambalo mtaa hausahau. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ina saa moja na nusu hivi. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, haifiki dakika 80, na mtoto wa miaka minane na nyanya yake watailia pamoja. Tazama urefu wa filamu kabla ya kitu kingine. Onyesho la usiku kwetu haliwezi kuanza kabla ya saa mbili na robo, watu waswali Isha na kula, na lisipite saa nne, kwa sababu daladala za mwisho hazimngoji mtu aone stelingi kama kapona. Una dakika mia na ushei, pamoja na mapumziko. Picha yenye urefu wa saa tatu iwe ya Jumapili mchana.

Mapumziko usiyaruke kamwe, hata kama filamu ni fupi. Kata katikati, mahali pa moto, washa taa, fungua milango dakika kumi. Hewa inabadilika, watoto wanakwenda chooni, watu wanabishana nani muuaji, na bisi zinauzwa. Na hapa nikupigie hesabu, mfano tu, uweke namba zako. Watu 20 kwa onyesho, maonyesho manne kwa wiki, kiingilio 1,000: kwa mwezi wa wiki nne ni 320,000. Mwenye filamu achukue nusu, unabaki na 160,000. Pango 100,000, umeme wa Luku 40,000. Una 20,000 mkononi na hujamlipa mlinda mlango. Sasa katika wale 20, kumi wakinunua bisi, karanga au juisi ya ukwaju ya 500, ni 80,000 kwa mwezi. Toa mahindi, mafuta na sukari, unabaki kama na 50,000. Majumba makubwa duniani yanajua hivyo: tiketi wanagawana na wenye filamu, bisi ni zao peke yao. Wewe ongeza matumizi ya mchana. Chumba chenye giza, pazia na spika kinakodishwa kwa semina, kwa shule, kwa wanafamilia wanaotaka kutazama video ya harusi yao kwa ukubwa wa ukuta. Hilo la mwisho liliwahi kunilipia pango la miezi miwili, na machozi yalikuwa mengi kuliko filamu yoyote niliyowahi kuonyesha.

Mpira unalipa, siukatai. Lakini mpira una wateja wake na harufu yake, na ukumbi ukishajulikana kuwa wa mpira, wanawake hawaji tena hata ukionyesha nini. Tenganisha siku, osha sakafu, fungua madirisha. Zamani mjini Unguja majumba ya sinema yalikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na yalijaa. Mji ule ulikuwa na jumba lake la Royal tangu 1921, na wenye majumba walijua kwamba mama akiipenda picha, Jumapili atarudi na nyumba nzima. Nilipoanzisha Jumatano saa kumi kuwa ya akina mama, muuza tiketi mwanamke, mlinda mlango mwanamke, mimi nimefungiwa kwenye kichumba cha mashine, ndipo kwa mara ya kwanza nilikosa viti siku isiyo Sikukuu. Yule mama wa dagaa alikaa mstari wa pili. Alikuja na upepeo wake, kwa tahadhari, na hakuufungua.

Tabia za ndani zisikutie wasiwasi kupita kiasi. Nimesoma kanuni za kumbi za ughaibuni, kimya kama msikitini, hazitufai. Sisi stelingi huwa tunamwonya adui akiwa nyuma yake, na adui akipigwa tunashangilia. Acha. Watu wamekuja kwa ajili hiyo. Nilikuwa na makatazo mawili tu, nimeyaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: simu isiwake, na mtu asisimulie kitakachotokea. La pili lilikuwa na adhabu ya kutolewa nje bila kurudishiwa kiingilio, na nililitekeleza mara moja kwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Hatukusalimiana hadi Mfungo Mosi.

Tiketi ziwe na namba, vishina vibaki kwako, na anayeuza asiwe anayechana. Hata kama wote ni ndugu zako. Hasa kama ni ndugu zako. Mpwa wangu alikuwa akiingiza rafiki zake kwa mlango wa choo mwaka mzima, na nisingelijua kama nisingehesabu maganda ya karanga.

La umeme ni fupi. Kama projekta yako ni ya taa ya balbu, umeme ukikatika ghafla feni yake huzima huku balbu ikiwa ya moto sana, na hapo ndipo balbu hufa kabla ya siku zake. Yangu ilipasuka Idd Mosi, ukumbi umejaa, balbu ya akiba iko Dar es Salaam. Tafuta kifaa kidogo cha betri cha kuipa mashine dakika kumi za kupoa na kuzimwa kwa taratibu, pamoja na stebilaiza. Mashine za leza hazina balbu ya kubadilisha na hudumu saa nyingi zaidi, elfu ishirini hivi dhidi ya elfu tatu mpaka tano za balbu, lakini bei yake ni ya mtu aliyekwisha kupata wateja. Safisha kichujio cha vumbi kila Jumatatu. Basi.

Kwa hiyo kijana wangu mwenye boksi, liache boksi lako uvunguni mwa kitanda. Kesho saa saba mchana nenda kwenye ile nyumba unayotaka kuipanga, chukua watu watano, ingieni, fungeni milango na madirisha, kaeni humo dakika 90 bila kutoka. Mkishindwa kumaliza, na huoni pa kutoboa matundu, usimlipe mwenye nyumba hata shilingi.